Fensi isiyotulia: kisa cha msumeno wa meza wa karakana moja ya Keko, Dar es Salaam

Mzee mwenye karakana hakunipeleka kwenye mashine. Alinipeleka kwenye benchi na kuniwekea mbele mbao nne za mninga, zimepasuliwa asubuhi ile. Kila moja ilikuwa na mkanda mweusi ubavuni, kama imepitishwa juu ya mkaa, na ukiinusa unapata harufu ya moshi badala ya ile harufu tamu ya mninga.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu pima hiyo ya juu."

Nikapima. Mwanzo milimita 146, mwisho 148. Ubao huo ulitakiwa uwe 146 toka ncha hadi ncha, maana ulikuwa wa kichwa cha kitanda, na mbao za kichwa cha kitanda zikiunganishwa ubavu kwa ubavu, kila kosa huonekana. Mninga wenyewe ulikuwa wa Tabora, mkavu, wa bei. Kijana wa mashine alisimama pembeni mikono nyuma, kama mtu anayesubiri hukumu.

Kazi yangu ni kusawazisha na kutengeneza mashine za useremala, na kisa hiki nimekiandika kirefu kwa sababu nakutana nacho karibu kila mwezi. Mtu ana msumeno wa meza mzuri kabisa, wa chuma cha kusubu, ulioingia nchini kama mtumba. Mota ni nzima, shafti ni nzima. Kinachomtesa ni fensi, yaani kile kiegemeo kirefu kinachokaa kando ya bledi, ile sahani yenye meno inayokata, ili ubao uegemee na kwenda sawa wakati wa kupasua. Anaamua kununua nyingine. Swali ni ipi, na hapo ndipo pesa hupotea.

Mzee alikuwa ameshaamua. Alitaka fensi ya Kimarekani, ile ndefu yenye reli ya kupasulia hadi inchi 52, takriban sentimita 132. Alikuwa ameiona kwenye simu. Kijana wake alishaandika hata oda, bado kulipa tu. Nikamwomba anipe siku moja ya kupima kwanza.

Nilianza na bledi, fensi nikaiacha kabisa. Fensi inapimwa kwa kulinganishwa na bledi, na kama bledi yenyewe imekaa upande, fensi iliyonyooka nayo itaonekana imepinda. Juu ya meza ya mashine kuna mfereji ambamo kiegemeo cha kukatia pembe hupita. Mfereji huo ndio msingi wa vipimo vyote. Nilichonga kipande cha mkongo kikaingia mferejini bila kucheza, nikakipiga skrubu moja ubavuni, kichwa cha skrubu kikielekea bledi. Nikachomoa plagi ya umeme. Nikachukua kalamu ya wino mzito nikatia alama jino moja la bledi, nikalisogeza mbele, nikarekebisha skrubu hadi ikaligusa jino lile kidogo tu, kiasi cha kusikia mkwaruzo. Kisha nikaizungusha bledi kwa mkono hadi jino lilelile likafika nyuma, nikasukuma kipande changu nyuma pia. Sharti liwe jino lilelile, kwa sababu bledi yoyote ina kupinda kwake kidogo, na ukipima jino hili mbele na jingine nyuma utakuwa umepima kupinda kwa bledi badala ya mkao wake.

Nyuma skrubu ilikwama kwenye jino kabla ya kufika mahali pake. Kwa hiyo bledi ilikuwa imeelekea upande wa skrubu. Nilipoilegeza skrubu na kupima tofauti kwa fila geji, zile bamba nyembamba ambazo mafundi magari hupimia mwanya wa valvu, nilizoazima gereji ya jirani, nikapata nusu milimita. Kwa bledi ya inchi 10 hiyo ni nyingi. Meno ya nyuma hayapiti tena njia iliyokatwa na meno ya mbele. Yanakuja kuukwangua ubao upya, na ndipo weusi unapotokea.

Mashine za namna hii, zenye kabati la chuma, shafti hushikwa na kabati na meza hufungwa juu kwa boliti nne. Nililegeza tatu, nikaiacha moja iwe kama bawaba, nikagonga ukingo wa meza kwa nyundo ya mti. Kugonga, kupima, kugonga. Saa nzima ilikwenda hapo. Mwishowe bamba la milimita 0.05 likakataa kuingia mbele na likakataa kuingia nyuma, nikafunga boliti, nikapima tena kwa sababu kukaza nako huivuta meza.

Basi nusu ya kosa haikuwa ya fensi hata kidogo. Angeletewa fensi ya dola mia kadhaa, akaifunga, na mninga ungeendelea kuungua.

Ndipo nikaigeukia fensi. Ilikuwa ya aluminiamu, nyepesi, yenye mkono mmoja mbele ambao ukishushwa huvuta fimbo iliyo ndani, na fimbo hiyo hukaza ndoano ya nyuma kwenye ukingo wa pili wa meza. Inabana ncha zote mbili. Kwa masikio hilo linasikika kama uimara. Nikaiweka kwenye alama ya sentimita 20, nikaifunga, nikapima nyuma kwa kipande changu cha mkongo na fila geji. Nikaifungua, nikaisogeza, nikairudisha kwenye alama ileile, nikaifunga tena. Mara tano. Nyuma ilisogea kuelekea bledi kwa milimita 0.4 mara ya kwanza, kisha 1.8, kisha 0.9, kisha 2.6, kisha 1.1. Alama ileile, mkono uleule.

Hapo nilimwita Mzee na kijana wake waone, maana hilo ndilo ninalolishikilia katika kuchagua fensi yoyote. Fensi iliyopinda kwa milimita mbili, lakini imepinda hivyohivyo kila siku, ina dawa: unalegeza boliti zake, unainyoosha, unafunga, unaendelea na kazi. Fensi inayofunga kila mara mahali pengine haina dawa. Sababu ilionekana wazi tulipoilaza: kichwa chake cha mbele kilikuwa na upana wa sentimita 14 tu, na sehemu ya ndani inayoegemea reli imelika. Ncha zote mbili zinapobanwa, ile inayowahi kushika ndiyo inayoamua nyingine ikae wapi. Ukiwa umeisukuma kwa mkono wa kulia, mbele inawahi. Ukiwa umeigusa nyuma, nyuma inawahi.

Hata ule ubao uliotoka 146 ukaishia 148 ulipata maelezo. Kijana alipousukuma kwa nguvu kuelekea fensi, ndoano ya nyuma iliteleza kidogo kidogo, fensi ikafunguka, ubao ukapanuka. Nilimwambia Mzee mbele yake kwamba dogo hakuwa na kosa. Alishusha mabega.

Ilibaki sasa kuchagua. Mtu anapouza fensi hutaja urefu na bei. Mimi niliuliza karakana hii inapasua nini. Mzee akahesabu: vitanda na meza za mninga na mkongo, mtiki wa Longuza ukipatikana, paini ya Sao Hill kwa fremu za ndani, na makabati ya marini bodi na MDF, yaani shiti za kiwandani, ambayo kwa sasa yanakaribia nusu ya kazi. Kwa hiyo mbao za asili na shiti, zote mbili.

Tulianza na ile inchi 52. Shiti ya marini bodi ni milimita 1220 kwa 2440. Ukiipasua kwa urefu, kipande kikubwa zaidi unachohitaji kukiegemeza kwenye fensi ni nusu ya upana, yaani 610. Ukitaka kipande cha 900, huhitaji fensi ifike 900. Unatoa 900 kwenye 1220, inabaki 320, unatoa na unene wa njia ya bledi, milimita 3, unaiweka fensi kwenye 317, na kipande cha 900 kinabaki upande wa pili wa bledi. Sharti moja: upime shiti yenyewe kwanza, maana shiti nyingine ina 1218 au 1222. Kazi pekee inayodai fensi ya zaidi ya mita ni kukata shiti ya 2440 katikati kwa upana wake, na kazi hiyo hakuna anayeifanya vizuri juu ya meza ya mashine peke yake. Ni kazi ya msumeno wa mkono wa umeme na ubao ulionyooka uliofungwa kwa jiriwa. Reli ya kufikia sentimita 70 ilimtosha Mzee kabisa. Ile ndefu ingefunga na mlango wa karakana, ambayo upana wake ni mita nne na kitu.

Akaniuliza, "Sasa mbona Wamarekani wanauza hizo ndefu?"

Nikamjibu kwamba wao wana gereji pana, na wanauza meza ya nyongeza pamoja nayo. Sisi tuna mteja anayesubiri kitanda.

Zilibaki njia tatu. Ya kwanza ilikuwa fensi nyepesi ya aluminiamu iliyokuwa dukani Kariakoo, iliyotengenezwa kwa misumeno midogo ya kubeba. Tulikwenda kuitazama. Niliifunga kwenye reli yake ya maonyesho, nikasukuma ncha yake ya nyuma kwa kidole gumba, na kwa macho tu ikaonekana inakwenda na kurudi. Jaribio hilo la kidole gumba halina gharama na hakuna muuzaji anayelikataza. Nawaomba watu walifanye kabla ya kutoa pesa. Kama kidole kinaisogeza, ubao wa mbili kwa nane wa mkongo utaifanya nini?

Ya pili ilikuwa kuagiza fensi ya muundo wa herufi T kutoka Marekani. Muundo huo ulitoka kwa Bill Biesemeyer wa Arizona mwishoni mwa miaka ya 1970, na leo makampuni mengi huutengeneza kwa majina tofauti. Nauheshimu sana. Uzuri wake ni kwamba hubana mbele tu. Kichwa cha T ni kipana na kinalala juu ya bomba la pembe nne lililofungwa mbele ya meza. Ukishusha mkono, tumbo la mkono, ile sehemu yake iliyovimba, husukuma bomba kutoka upande wa mbele, kichwa kinavutwa na vipande viwili vya mwishoni vinabana uso wa nyuma wa bomba. Nyuma hakuna ndoano ya kushindana na mbele. Unyoofu wote unatoka sehemu moja. Tatizo la Mzee lilikuwa usafiri: reli ni za chuma, nzito, ndefu, na nauli aliyotajiwa ilizidi bei ya fensi yenyewe, kabla ya ushuru.

Ya tatu ilikuwa kuitengeneza hapahapa kwa muundo uleule. Siri ya T iko kwenye vipimo vyake, na vipimo havilipiwi ushuru.

Sikumpa ahadi ya haraka. Nilimwambia itachukua siku mbili hadi tatu na inahitaji mchomeleaji mvumilivu. Ingekuwa karakana inayopasua shiti tupu kutwa nzima, ningemshauri aagize, tena pengine aache kabisa mawazo ya fensi na akusanye pesa za mashine ya meza ya kuteleza, aina aliyoianzisha Wilhelm Altendorf wa Ujerumani mwaka 1906. Lakini kwa mchanganyiko wa kazi zake, kutengeneza kulikuwa na faida nyingine ambayo nitaifikia.

Tulikwenda Gerezani kuchagua chuma. Tulihitaji bomba la mstatili la milimita 75 kwa 50, unene 3, urefu mita moja na nusu kwa ajili ya reli, na jingine kama hilo la sentimita 90 kwa ajili ya fensi. Tulikataa mabomba mawili. La kwanza, ukilitazama kwa jicho moja toka nchani, lilikuwa na tumbo. La pili lilikuwa limenyooka, lakini mshono wake wa kiwandani ulikuwa umevimba katikati ya uso ambao kichwa cha T kingeteleza. Lile la tatu tulilifunga uzi toka ncha hadi ncha, uzi ukalala. Mshono wake tuliuelekeza chini, mahali ambapo hakuna kinachogusa.

Kichwa cha T nilisisitiza kiwe na upana wa sentimita 40. Hesabu yake ni hii: kama vile vipande viwili vinavyobana reli vimeachana sentimita 40, na kimoja kimelika kwa sehemu ya kumi ya milimita, basi ncha ya fensi, iliyo sentimita 90 mbali, itahama kwa kama 0.2. Kwa kichwa cha sentimita 14 kama cha ile fensi ya zamani, uchakavu uleule ungehamisha ncha kwa zaidi ya 0.6. Ukiwa dukani na fensi mbili mbele yako, pima vichwa vyake kabla hujatazama kitu kingine.

Kosa letu lilitokea kwenye kuchomelea. Mchomeleaji alipitisha mshono mzima upande mmoja wa kiungo cha kichwa na bomba, kwa moyo mweupe kabisa, kazi ikang'aa. Jioni guni, kile kipimo cha pembe mraba, ilikuwa imekubali. Asubuhi bomba lilikuwa limevutwa milimita 3 kwenye ncha. Chuma kikipoa hunywea, na kinanywea kuelekea upande uliochomelewa. Tulikata. Mara ya pili hatukuchomelea kiungo kile tena: tulichomelea bamba la milimita 10 chini ya bomba kwa vidoti vinne vya kupokezana, huku kimoja kikipoa kingine kinapigwa, kisha bamba likafungwa kwenye kichwa kwa boliti nne zenye matundu marefu kidogo. Matundu hayo ndiyo yanayoruhusu kunyoosha fensi baadaye. Ningeanza hivyo tangu mwanzo tungeokoa siku nzima.

Vile vipande viwili vinavyobana reli tulivikata kwenye ubao wa plastiki nyeupe wa kukatia nyama, ule mgumu. Unateleza vizuri juu ya chuma na haukwaruzi.

Sasa ile faida niliyoitaja. Fensi nyingi za Kimarekani uso wake hupita bledi yote hadi mwisho wa meza. Kwa shiti hiyo ni sawa. Kwa mbao za asili ni hatari, na mninga na hasa paini changa zinaijua hatari hiyo vizuri. Mti unapopasuliwa, mvutano uliofungiwa ndani unaachiliwa: vipande viwili hujikunja, vingine kwenda nje, vingine kurudi kuibana bledi. Kile cha upande wa fensi kikitaka kwenda nje na kikakuta uso mrefu wa fensi unakizuia, hakina pa kwenda ila kwenye meno ya nyuma, yale yanayopanda juu. Meno hayo huunyanyua ubao na mashine inarusha. Bledi ya milimita 254 ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, ncha ya jino huenda kwa kama mita 53 kwa sekunde, yaani kilomita 190 kwa saa. Mzee alinionyesha ukuta wa nyuma ya mashine. Kulikuwa na tundu kwenye bati. Hakusema kitu, na mimi sikumuuliza.

Waingereza wamelishughulikia hili zamani: katika kupasua mbao za asili, mwisho wa uso wa fensi huletwa mbele, uishie karibu na pale meno yanapoanza kukata usawa wa meza, ubao ukishapita hapo uwe huru. Kwa hiyo tuliuvika ubavu wa fensi yetu ubao wa marini bodi wa milimita 18 wenye fomaika, uliofungwa kwa boliti ndani ya mifereji ili uteleze. Ukipasua shiti, unausukuma hadi nyuma kabisa. Ukipasua mninga, unauvuta mbele. Kazi ya sekunde kumi. Nilimfanya kijana airudie mbele yangu mpaka ikawa tabia.

Jambo jingine sikulijadili. Mashine haikuwa na kile kibamba kinachosimama nyuma ya bledi kuzuia njia isijifunge. Kilikuwa kimetolewa na mtu siku nyingi. Nilikata kipya kutoka bledi kubwa mbovu yenye unene wa 2.5, kwa sababu mwili wa bledi ya Mzee ni 2.2 na njia yake ni 3.2, na kibamba lazima kiwe kinene kuliko mwili na chembamba kuliko njia. Nikakiweka karibu na meno, mwanya usiozidi milimita 8 usawa wa meza. Fensi bora duniani haifanyi kazi ya kibamba hicho.

Siku ya kunyoosha, tulirudi kwenye kile kipande cha mkongo chenye skrubu. Mbele tuliweka sifuri. Nyuma tuliifungua fensi kwa sehemu moja ya kumi ya milimita kutoka bledi, bamba la 0.10 likipita kwa kukwama kidogo. Zaidi ya hapo ubao huanza kuambaa. Kisha tukaifunga na kuifungua mara kumi kwenye alama tofauti. Tofauti kubwa kabisa ilikuwa 0.15. Kijana ndiye aliyeshika fila geji, na namba aliziandika kwa chaki juu ya mlango wa kabati la mashine, zipo hadi leo.

Mbao za kichwa cha kitanda zilipasuliwa upya kutoka mninga mwingine. Zilitoka rangi ya mninga, bila weusi. Mzee aliziegemeza ubavu kwa ubavu dhidi ya mwanga wa mlango, akazitazama kwa muda mrefu, akaita, "Dogo, lete gundi."

Nilirudi baada ya miezi mitatu. Nyuma ilikuwa imesogea, bamba la 0.10 haliingii tena. Tuliondoa kichwa na kukuta vumbi la MDF limegandamana nyuma ya kipande kimoja cha plastiki, gumu kama simenti. Tulikwangua, tukafuta reli kwa kitambaa chenye nta kidogo, tukafunga. Bamba likapita. Sasa reli inafutwa kila asubuhi kabla ya mashine kuwashwa, na kitambaa kinaning'inia kwenye mkono wa fensi wenyewe ili kisisahaulike.